Mabasi ya haidrojeni yanakuja, kikosi changu kianzie wapi?

Swali: "Habari mtaalamu. Mimi ndo nasimamia mafunzo kwenye kituo cha zimamoto. Tumeambiwa mabasi ya haidrojeni yataanza kupita eneo letu na kituo cha kuyajazia gesi kinajengwa, sa vijana wangu wamegawanyika. Wapo wanaosema lile ni bomu linalotembea, likipata ajali wao hawasogei. Mkuu wangu naye anasema gesi ni nyepesi, ikivuja inapaa inaisha, kwa hiyo tukijua LPG, hii gesi ya kupikia, inatosha, hakuna haja ya mafunzo mengine. Tuna detekta moja ya gesi nne (kile kifaa cha kupima gesi hewani), kamera moja ya joto, basi. Kuna fundi amejitolea kuleta mtungi wa haidrojeni auwashe uwanjani vijana wauone huo moto. Nianzie wapi, ninunue nini, na huo mtungi nikubali?"

Jibu:

Afande, umefanya vizuri kuuliza kabla basi la kwanza halijaanza kazi. Nikikusoma vizuri, kinachokukosesha usingizi ni kwamba siku ya tukio nusu ya vijana watarudi nyuma kwa woga na nusu watajipeleka mbele wakidhani ni gesi waliyoizoea, na pande zote mbili zitakuwa zimekosea. Wasiwasi huo ni wa haki kabisa. Vijana wako na mkuu wako kila mmoja kashika kipande cha ukweli, ila vipande vyenyewe havitoshi.

Tuanze na la bomu tulimalize. Bomu la haidrojeni ni mambo ya nyuklia, linahitaji joto ambalo huanzishwa na bomu jingine la nyuklia ndani yake, tenki la basi hata uliunguze vipi halifiki huko. Mwingine atakutajia ile meli ya angani Hindenburg, iliyoungua Lakehurst, New Jersey tarehe 6 Mei 1937. Ni kweli watu 36 walikufa, mmoja wao akiwa chini ardhini, lakini ndani kulikuwa na watu 97 na 62 wakatoka hai, na ile gesi haikuwa kwenye tenki la presha, ilikuwa kwenye mifuko mikubwa ndani ya ganda la kitambaa. Haifanani na basi kwa lolote zaidi ya jina la gesi. Waambie pia kiasi chenyewe: gari dogo la haidrojeni linabeba kama kilo 5 hadi 6, nishati yake inalingana na lita kama 20 za petroli. Basi mara nyingi hubeba kilo 30 hadi 40. Ni nishati nyingi, ndio, ila magari ya petroli na dizeli yenye nishati ya namna hiyo mnayaendea kila siku.

Sasa mkuu wako. Haidrojeni kweli ni nyepesi kuliko hewa karibu mara 14, na uwanjani pasipo na paa hilo linawasaidia sana, tena kuliko LPG ambayo inatambaa chini na kujificha kwenye mitaro. Lakini "inapaa inaisha" ni sentensi yenye mashimo. Kwanza gesi haitoki tenkini kama moshi wa sigara, inatoka na presha ya bar 350 kwenye mabasi mengi na bar 700 kwenye magari madogo, kwa hiyo mita za kwanza inakwenda kule tundu lilikoelekea, iwe pembeni, iwe chini, ubavuni mwa gari, ndo baadaye inakumbuka kupaa. Pili, kukiwa na paa haiishi popote, inaning'inia huko juu kama moshi wa jikoni darini, na karakana ya mabasi, handaki na maegesho ya chini vyote vina paa. Tatu, inashika moto kirahisi kuliko karibu kila kitu mlichozoea. Methani, ile ya gesi asilia, inahitaji kuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ndo iwake, haidrojeni inawaka kuanzia asilimia 4 mpaka 75. Na cheche ya kuiwasha ni karibu milijuli 0.02 tu, ambayo ni kama sehemu moja ya kumi ya ile inayotakiwa na mvuke wa petroli, yaani umeme tuli wa nguo ambao hata wewe mwenyewe hujausikia unatosha. Mara nyingi uvujaji wa presha kubwa unajiwasha wenyewe na hakuna anayejua cheche ilitoka wapi.

Kitu ninachotaka vijana waelewe kuliko namba zote hizo ni hiki: kinachoamua kama mtapata moto au mlipuko ni muda na nafasi. Gesi ikiwaka papo hapo inapotoka, mnapata ndimi ya moto inayochoma kilicho mbele yake, mbaya, ila inajulikana ilipo. Ikitoka dakika kadhaa bila kuwaka, ikajichanganya na hewa, alafu ikapata cheche, hapo mnapata mlipuko. Na ikiwa imebanwa na kuta, mabomba au rafu, moto unaongeza kasi kila unapogonga kitu na mlipuko unakuwa mkali zaidi. Wala msidhani uwazi peke yake unawakinga. Tarehe 10 Juni 2019 huko Sandvika, Norway, kituo cha kujazia haidrojeni kililipuka kikiwa nje kabisa, chanzo kikawa boliti za plagi ya tenki la presha kubwa ambazo hazikukazwa sawasawa wakati wa kufunga. Gesi ilitoka, ikajichanganya, ikalipuka, na waliojeruhiwa walikuwa watu wawili kwenye gari lililokuwa karibu, ambao walipata majeraha kwa sababu wimbi la mlipuko lilifyatua eabegi, ile mifuko ya hewa ya ndani ya gari. Wiki chache kabla ya hapo, Mei 2019, huko Gangneung, Korea Kusini, tenki lililipuka likaua watu wawili, na hapo oksijeni ilikuwa imeingia ndani ya tenki lenyewe ikachanganyika na haidrojeni. Kwa hiyo kwenye kituo hicho kinachojengwa kwenu hatari zipo za aina zaidi ya moja, na mtu wa LPG asingezifikiria zote.

Sa tuje kwenye mafunzo yenyewe. Mimi nisingeanza na vifaa, ningeanza na mazoea, maana zimamoto mzoefu ana mazoea yaliyomwokoa miaka yote na haidrojeni inayageuza matatu.

La kwanza ni kuamini macho na ngozi. Moto wa haidrojeni tupu mchana karibu hauonekani, hauna moshi, na kwa kuwa hauna kaboni hautoi joto la mnururisho, lile linalokufikia ukiwa mbali, kama moto wa mbao au petroli. Hili la pili watu wanalisahau na ndo linaloumiza. Kijana wako amezoea kwamba uso ukianza kuungua hata kabla hajafika, basi akae hapo. Kwa haidrojeni anaweza kutembea mpaka akaingiza mkono ndani ya moto wa nyuzi joto kama 2,000 bila uso kumpa onyo la kutosha. Usiku utaonekana kidogo, na ukiwa unaunguza rangi, mpira au vumbi utapata rangi ya manjano kama moto mwingine wowote, kwa hiyo gari zima likiwaka mtaona moto, shida ni ule mshale msafi unaotoka kwenye bomba au valvu pembeni. Wafundishe kusikiliza kwanza: presha ile inapiga kelele, mluzi au mngurumo, na ukisikia huo mluzi na huoni kitu chukulia kwamba pale pana moto. Kamera ya joto inauona vizuri, kwa hiyo ile kamera yenu moja iwe mbele, sio ibaki kwenye gari la kamanda. Na kama kamera imekufa betri ipo njia ya kizamani ambayo bado inafundishwa, ufagio wa nyasi kavu wenye mpini mrefu unaushika mbele yako ukitembea polepole, ukishika moto ushajua mpaka ulipo. Vijana watacheka, waache wacheke alafu wafanye.

La pili ni pua na kuangalia chini. LPG imewekewa harufu, haidrojeni haina, kwa sababu kemikali za harufu zinaharibu ule mtambo wa ndani ya basi unaogeuza gesi kuwa umeme, na tena hakuna harufu nyepesi ya kwenda nayo sambamba. Kwa hiyo kilichobaki ni detekta, na hapa naomba uinuke sasa hivi ukaichukue detekta yenu usome kitabu chake. Zile za gesi nne zina sensa ya gesi inayowaka, ile ya asilimia ya LEL (kiwango cha chini kabisa cha gesi hewani kinachoweza kuwaka), na zipo za aina mbili. Aina ya kichocheo, yenye kipande kidogo kinachopashwa moto ndani, inaiona haidrojeni. Aina ya infraredi, inayopima kwa mwanga usioonekana, haiioni kabisa, kwa sababu molekuli ya haidrojeni hainyonyi mwanga huo, yaani unaweza kusimama katikati ya wingu linaloweza kulipuka na kioo kikakuandikia sifuri. Nimeona vikosi ambavyo havikujua vina aina gani mpaka nilipouliza. Kama yenu ni ya kichocheo, jua kwamba huenda imepimwa kwa methani na kwa haidrojeni namba yake itakuwa na kosa, muulize aliyeitengeneza akupe kizidisho chake, na kumbuka inahitaji oksijeni ifanye kazi. Alafu kuna kitu kimoja kizuri cha kuwafundisha: sensa ya kaboni monoksaidi (CO) kwenye hizo detekta nyingi inasumbuliwa na haidrojeni, inapanda hata kama hakuna moshi. Ukiwa karibu na basi la haidrojeni, hakuna kinachoungua, na namba ya CO inaruka, usiseme detekta imeharibika, rudi nyuma. Na ipandisheni juu! Ndani ya jengo ifungeni kwenye fimbo mpime darini kwanza, sio magotini kama mlivyozoea. Kiwango cha kuogopa mkipange mapema, wengi hutumia asilimia 10 ya LEL, ambayo kwa haidrojeni ni asilimia 0.4 tu ya hewa.

La tatu ndo gumu zaidi kwa mtu wa zimamoto, nalo ni kutozima. Moto wa haidrojeni unaotoka kwenye tundu hauzimwi mpaka uwe umeweza kufunga gesi. Ukiuzima kwa poda, na unaweza kweli kuuzima, gesi inaendelea kutoka, inajichanganya na hewa, na inatafuta cheche ya pili, umejitengenezea mlipuko kwa mkono wako. Kazi yenu pale ni kufunga valvu kama inafikika kwa usalama, kupoza kwa maji vilivyo jirani kutoka mbali, na kuuacha uishe. Kusimama ukitazama moto unawaka ni aibu kwa kijana, kwa hiyo wape amri iliyoandikwa kabisa ili asijisikie mzembe.

Hapo inaingia habari ya tenki, nikae nayo kidogo maana ndo swali la wale wanaokataa kusogea. Matenki ya magari haya yanafungwa kwa nyuzi za kaboni, na kila tenki lina valvu ya usalama inayofunguliwa na joto, kwa kawaida karibu nyuzi 110. Ikishafunguka haijifungi tena, inatoa gesi yote ndani ya dakika chache, kwa kelele kubwa na pengine ndimi ndefu ya moto, kuelekea upande uliopangwa, kwenye mabasi mengi ni juu maana matenki yapo juu ya paa la basi. Kijana asiyejua akiisikia atadhani basi limelipuka, kumbe ndo linajiokoa. Sasa hatari halisi ni moto unaochoma tenki sehemu moja iliyo mbali na ile valvu. Tenki la LPG likipashwa moto presha ndani inapanda sana, la nyuzi za kaboni halifanyi hivyo sana, lenyewe linapoteza nguvu ya ukuta, ile gundi inayoshika nyuzi inaungua na ukuta unabaki mwembamba mpaka unashindwa kushika presha ya kawaida. Ndo maana usimwage maji moja kwa moja kwenye valvu ya usalama au bomba lake la kutolea, utaipoza isifunguke huku tenki linaungua upande wa pili. Na ndo maana tenki lililoungua, hata likipoa, hata mkidhani limeisha gesi, haliguswi, halivutwi na halikatwi mpaka aje mtu anayelijua.

Umeme nitapita haraka kwa sababu mkishajifunza magari ya umeme mmemaliza nusu. Gari la haidrojeni ni gari la umeme lenye tenki, waya za rangi ya chungwa hazikatwi, betri kubwa ipo, na linaweza kuwa limewaka bila sauti yoyote, kwa hiyo zuieni magurudumu, weka P, zima, peleka ufunguo wa rimoti mbali, toa waya wa betri ndogo (volti 12 kwenye gari dogo, 24 kwenye mabasi mengi), na hapo valvu za matenki hujifunga. Kwenye ajali kubwa mara nyingi sensa za gari huzifunga valvu hizo zenyewe. Maji yanayodondoka chini ya gari na mvuke mweupe unaotoka nyuma ni kawaida, ndo moshi wake. Kabla ya kukata chochote tafuta karatasi ya uokoaji ya gari hilo, ule mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha tenki, waya na betri vilipo, ombeni kampuni ya mabasi iwape nakala leo, msisubiri ajali.

Umbali: namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambua gesi kwenye kibao cha lori ni 1049 kwa haidrojeni ya presha na 1966 kwa ya kimiminika. Kitabu cha dharura kinachotumika Marekani na Kanada, kwenye mwongozo namba 115, kinasema kwa uvujaji tengeni mita 100 pande zote kama hatua ya kwanza, uvujaji mkubwa fikirieni kuhamisha watu mita 800 upande upepo unakoelekea, na lori la tenki likiwa kwenye moto ni mita 1,600. Hiyo ni kwa lori la mizigo, msiitumie kwa gari dogo mtahamisha mji bure, lakini kituo kitakuwa kinaletewa gesi na malori kwa hiyo hesabu hiyo lazima muwe nayo. Kama watakuwa wanaleta kimiminika, nyuzi −253, niandikie tena, maana hapo kuna mambo ya hewa kugandia kwenye bomba na maji yasiyotakiwa kabisa karibu na bomba la kutolea gesi kwa sababu yataganda na kuliziba, na mtu aliyeguswa na baridi ile ni wa kupelekwa hospitali, sio wa kusuguliwa.

La kununua sasa. Kama detekta yenu ni ya infraredi, nunua moja inayoiona haidrojeni, hiyo ndo pesa ya kwanza. Pesa ya pili ni kamera ya joto nyingine, kwa sababu kamera moja ikiwa mkononi mwa mtu wa mbele kamanda anabaki kipofu. Basi. Nguo zenu za kawaida na mitungi ya hewa mgongoni vinatosha kwa kazi nyingi, povu maalumu haina kazi hapa, na anayekuuzia "kit ya haidrojeni" yenye vitu ishirini mwambie utampigia.

Na huo mtungi wa fundi, usiukubali afande. Najua nia yake njema na najua kijana akiuona moto usioonekana mara moja hausahau, lakini mtungi wa karakana ukiwashwa uwanjani bila rigulata (kipunguza presha) sahihi, bila kizuizi cha moto kurudi nyuma na bila mtu wa kufunga kwa mbali, ndo ajali ya kwanza ya haidrojeni kwenu itakuwa ya kwenu wenyewe. Mazoezi ya moto halisi yafanywe na wenye mitambo yao. Ufaransa kuna chuo cha maafisa wa zimamoto, ENSOSP, kule Aix-en-Provence, ambako mradi wa Ulaya wa HyResponse ulijenga vifaa vya mazoezi hayo, na Marekani maabara ya Pacific Northwest imeandaa mafunzo ya waokoaji yanayopatikana bure mtandaoni, anza na hayo ya bure kwa kila zamu. Fundi wako mwombe kitu kingine: aje awafundishe valvu na rigulata kwa mtungi mtupu.

Kituo chenyewe mkitembelee kabla hakijafunguliwa, kila zamu, sio wewe na mkuu peke yenu. Mwendeshaji awaonyeshe kitufe cha kuzima dharura kilipo, valvu ya kufunga iliyo nje ya uzio, mabomba ya kutolea gesi yanaelekea wapi, na namba ya simu ya mhandisi anayepokea saa nane usiku. Ipigeni hiyo namba siku moja saa nane usiku muone kama anapokea. Asipopokea, mwambieni mkuu wako aandike barua kabla ya basi la kwanza kujazwa.